Mlaji Asiyejulikana: Historia Fupi ya Sumu, Samaki na Mboga Mkoani Mara

Nilipokuwa mtoto katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bunda, mama yangu alikuwa na bustani ya nyanya na mchicha kando ya kijito kinachoingia ziwani. Karibu matuta yote ya nyanya yalipigwa dawa kwa bomba lile lile ambalo baba alilitumia kwenye pamba. Tuta moja tu, lile lililokuwa karibu na njia ya kwenda nyumbani, halikupigwa kamwe. Nyanya zake zilikuwa ndogo, nyingine zimetobolewa na funza, nazo ndizo tulizokula sisi. Zile kubwa, nyekundu na zenye kung'aa zilipangwa kwenye matenga, zikapakiwa kwenye gari la kwenda Musoma.

Sikuuliza sababu. Mtoto wa mkulima haulizi kwa nini tuta moja linaachwa, kama asivyouliza kwa nini ng'ombe mmoja hauzwi. Baada ya kusoma historia, kisha kuifundisha kwa miaka mingi, ndipo nilipotambua kwamba tuta lile lilikuwa na habari kubwa kuhusu nchi yetu.

Katika makala haya ninajenga hoja moja. Historia ya usalama wa chakula katika mkoa wetu wa Mara haielezeki vizuri kwa kutaja ujinga wa mkulima, ingawa huo ndio wimbo wa semina nyingi. Mkulima alijua, na Serikali ilijua. Kilichotofautiana ni mlaji: yule aliyejulikana alilindwa, na yule asiyejulikana aliachwa ajilinde mwenyewe.

Tuanze na pamba, kwa kuwa pamba ndiyo iliyoleta bomba kijijini. Zao hili liliingizwa Kanda ya Ziwa wakati wa utawala wa Wajerumani na likapanuliwa sana chini ya Waingereza, hasa baada ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kuanza kazi katika miaka ya 1930. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ulinzi wa kwanza wa pamba haukutegemea sumu. Watafiti walichagua mbegu zenye majani yenye vinyweleo, ambayo wadudu wafyonzaji hawakuweza kuyashambulia kwa urahisi. Sheria nazo zilimlazimisha mkulima kung'oa na kuchoma mabua baada ya mavuno, ili wadudu wakose mahali pa kujificha hadi msimu unaofuata. Wazee wetu waliichukia amri hiyo, na walikuwa na haki ya kuichukia, maana ilikuja pamoja na faini na viboko vya dola la kikoloni. Hata hivyo, mbinu yenyewe ilikuwa mbegu, moto na kalenda, na hakuna kati ya hivyo kinachobaki kwenye nyanya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. DDT, iliyopata sifa kwa kuua mbu na chawa wa wanajeshi, ilihamia mashambani. Kilimo cha pamba kilistawi. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa kanda vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani. Katika miongo iliyofuata uhuru, viuatilifu vikawa sehemu ya kawaida ya pembejeo ambazo mkulima wa Bunda au Majita alizipata kwa mkopo. Miongoni mwavyo ilikuwamo endosulfan, iliyofahamika kwa jina la biashara la Thiodan, iliyotumika kwenye pamba na kahawa.

Adui mkuu wa pamba alikuwa funza wa vitumba. Funza huyu hali pamba peke yake. Hutoboa mahindi, hutoboa mbaazi, na hupenda sana nyanya. Kwa hiyo mama aliyechukua dawa iliyobaki ya pamba na kuipuliza kwenye nyanya hakuwa mjinga. Alimwona mdudu yule yule akatumia dawa ile ile, kama ambavyo mwanasayansi angefanya iwapo angekuwa na bomba moja na chupa moja.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Pamba huvunwa mwishoni mwa msimu, na nyuzi zake huvaliwa. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache na huliwa pengine mbichi, ndani ya kachumbari. Kila kiuatilifu kina muda wa kungoja kati ya kupuliza na kuvuna. Muda huo huandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na mkulima wa nyanya anayepuliza Jumatatu ili auze Jumatano hana nafasi nao. Kisha mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa watu binafsi na nguvu ya vyama vya ushirika ikapungua. Dawa zikahamia madukani na magengeni, zikapimwa kwa vifuniko na kuuzwa katika chupa za soda. Kibandiko kilibaki kwa muuzaji, na muda wa kungoja ukabaki nacho.

Tazameni pia lugha yetu. Kile kinachoua mdudu tunakiita "dawa", neno lile lile tunalomwambia mtoto mwenye homa. Tunasema nyanya "zimepigwa dawa", nasi tunaridhika, kana kwamba zimetibiwa.

Je, Serikali haikujali afya ya raia? Historia haituruhusu kusema hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili, nchi nzima, katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Vikundi havikuishia kwenye majadiliano: vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, mazalia ya mbu yakafukiwa, vyanzo vya maji vikasafishwa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Unaweza kuikosoa siasa ya miaka ile kwa mengi, pamoja na jinsi watu walivyohamishiwa vijijini kwa nguvu. Lakini kampeni hizo zilikuwa na dhana moja ambayo leo imefifia: kwamba kinyesi kinachotiririka kuelekea bustani ya jirani ni suala la taifa.

Dhana hiyo ilififia taratibu. Katika miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba na masharti ya wakopeshaji yakaingia, bwana shamba alibaki bila baiskeli, na bwana afya bila chaki ya kuandikia kwenye milango ya vyoo. Bustani za kando ya ziwa ziliendelea kustawi, maana miji ilikua na ilihitaji mboga. Maji ya kumwagilia yalitoka kwenye vijito vile vile vilivyopokea maji machafu ya makazi, samadi mbichi ilimwagwa kwenye mchicha unaokaribia kuvunwa, na mafungu yalioshwa mtaroni ili yapendeze sokoni. Kila mwenye kufundisha afya ya jamii anaijua njia hii: kutoka chooni hadi kijitoni, kutoka kijitoni hadi kwenye jani, kutoka kwenye jani hadi mezani.

Kisha ukaja mwaka 1997. Mvua za El Niño zilipokaribia kufunga mwaka, Tanzania ilikuwa imeandikisha wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walifariki. Vifo hivyo vilikuwa vya Watanzania. Dunia, hata hivyo, iliitikia kwa namna yake. Mwisho wa mwaka huo na mwanzoni mwa 1998, Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo na hatimaye kuzuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuzuia chakula kwa namna hiyo hakukuwa njia sahihi ya kukabiliana na kipindupindu. Katazo likadumu hadi katikati ya 1998.

Nusu mwaka haujaisha vizuri tangu lilipoondolewa, habari nyingine zikaenea: baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakimwaga viuatilifu majini ili samaki waelee wakokotwe kwa urahisi. Sumu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa Thiodan, ile ya pamba. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga tena mlango, safari hii kwa Uganda, Kenya na Tanzania.

Nilikuwa kidato cha tatu mjini Musoma. Nakumbuka vijana waliokuwa wakibeba sangara kwenye mialo wakishinda wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, na bei ya samaki ikishuka hadi watu wakaifurahia bila kujua wanafurahia nini. Ni mwaka ule ule ambao Mwalimu Nyerere alifariki, na mwezi Oktoba tukasimama barabarani kuupokea mwili wake ulipokuwa ukipelekwa Butiama.

Kilichofuata kinastahili kusomwa na kila mtumishi wa umma, kwa kuwa ni ushahidi kwamba Serikali yetu ikiamua inaweza. Mamlaka ya ukaguzi wa samaki iliimarishwa. Maabara ya ubora wa samaki ilijengewa uwezo pale Nyegezi, Mwanza. Mialo iliwekewa sakafu na maji safi, boti zikabeba barafu, viwanda vikafuata utaratibu wa usafi wa kila hatua, na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vikaundwa mwambao mzima. Minofu iliyotoka Musoma iliweza kufuatiliwa hadi mwalo iliposhushwa. Yote hayo yalifanyika ndani ya miaka michache, katika nchi tuliyoambiwa kwamba haina fedha.

Minofu ilikwenda Ulaya ikiwa imepimwa. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vilibaki kwetu, vikaanikwa juani na kukaangwa pembeni mwa barabara. Sina haja ya kurudia hapa mjadala uliozuka nchini kuhusu mapanki baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004. Ninataka tu kuuliza swali ambalo mjadala ule uliliruka: nani alipima mapanki? Na nyanya zilizopikwa nayo, je, nani alizipima?

Ni rahisi kuishia hapa na kumlaumu Mzungu, au kuilaumu Serikali inayomsikiliza. Mimi mwenyewe niliandika hivyo nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nikapata alama nzuri. Lakini likizo moja nilimweleza mama habari hizi, naye akasikiliza hadi mwisho huku akichambua mgagani. Nikapata ujasiri wa kumuuliza juu ya lile tuta.

"Lile lilikuwa lenu," akasema. "Ningewalisha wanangu dawa ya pamba?"

"Na wale wa mjini, mama?"

Alikaa kimya kidogo. "Wa mjini nani aliwajua, mwanangu? Tenga likishapanda gari, limeondoka."

Sikumjibu, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa wale wa mjini. Kwa miaka minne nilikuwa nimekula katika bwalo la shule ya bweni mjini Musoma, na nyanya za bwalo lile zilinunuliwa sokoni, kwenye matenga yaliyotoka vijiji kama chetu. Siku niliyobeba sanduku langu kwenda kidato cha kwanza, nilihama kutoka tuta moja kwenda matuta mengine, na mama yangu hakujua kwamba amenihamisha.

Mama hakuwa mtu mbaya, kama ambavyo ofisa aliyejenga maabara ya samaki kabla ya maabara ya mboga hakuwa mtu mbaya. Wote wawili walimlinda mlaji waliyemjua. Mwanangu ninamjua kwa jina. Mnunuzi wa Ulaya anajulikana kwa mkataba, na akikasirika hufunga mlango. Mlaji wa Nyasho sokoni hana jina wala mkataba. Akiugua tumbo atasema amekula kitu kibaya, atameza vidonge, na kesho atarudi gengeni.

Dola ndicho chombo ambacho wanadamu wamekibuni ili kumlinda mtu asiyejulikana, kwa kuwa upendo wa mama haufiki mbali hivyo. Na mfano wa ulinzi huo tunao hapa hapa. Nyama inayouzwa buchani imekaguliwa machinjioni na kugongwa muhuri. Mkaguzi hamjui atakayeila, na muhuri ule hauulizi kama mlaji ni wa Bunda au wa Brussels. Ni utaratibu wa tangu ukoloni, una mapungufu yake, lakini upo. Mboga na matunda, yanayoliwa kila siku na hata asiyemudu nyama, hayana muhuri.

Sheria hazikukosekana. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya udhibiti wa ubora wa chakula. Mwaka 1979 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, kule Arusha. Sheria ya mwaka 2003 ikaleta TFDA. Mwaka 2019 majukumu ya chakula yakahamishiwa TBS, na mwaka 2020 Sheria ya Afya ya Mimea ikaunda mamlaka mpya ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Wasomaji wangu mlio maofisini mnajua kila uhamisho wa namna hii huambatana na mafaili yanayopotea njiani. Mwenye kiuatilifu ni mmoja, mwenye kiwango cha chakula ni mwingine, bwana shamba ni wa halmashauri, na bwana afya yuko idara nyingine ya halmashauri hiyo hiyo. Bustani ya mchicha iliyo kando ya kijito ni ya wote kwenye karatasi. Asubuhi ya mavuno hakuna anayekuwapo.

Matokeo ya pengo hili si ya tumboni tu. Yanagusa pia imani ya raia kwa Serikali yake. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara hadi mto Tigithe; mgodi ulikiri kuvuja huko na kukanusha madai ya vifo vya watu na mifugo. Mwezi Machi 2022 maji ya mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza majini. Nchi nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Kisayansi, kinyesi kingi na mimea inayooza vinaweza kabisa kumaliza oksijeni majini na kuua samaki. Kilichonisumbua ni kwamba mwananchi wa kawaida hakuwa na namna ya kulithibitisha hitimisho hilo wala kulipinga, maana hakuwa amezoea kuona vipimo vya maji yale vikitangazwa kila mwezi, katika miaka ya kawaida isiyo na msiba. Kipimo kinachokuja mara moja, wakati wa kashfa, huonekana kuwa cha kashfa hata kikiwa sahihi. Ni vivyo hivyo kwa bustani zilizo chini ya machimbo ya Buhemba, wilayani Butiama, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki: bila vipimo vya mara kwa mara, hofu na kejeli ndizo zinazobaki kuwa taarifa zetu.

Mtu asidhani kwamba wenzetu walioendelea wamekingwa na jambo hili. Mwaka 2011 bakteria wa jamii ya E. koli waliua watu zaidi ya 50, karibu wote nchini Ujerumani. Kwanza lawama ziliangukia matango ya Hispania, na wakulima wa huko wakapata hasara kubwa bila kosa. Baada ya wiki kadhaa wachunguzi walifuata ankara na orodha za vyakula vya mikahawani hadi kwenye shamba moja lililozalisha chipukizi za uwatu. Walikosea, lakini walikuwa na uzi wa kufuata hadi kweli ikapatikana. Tenga la nyanya likifika Nyasho, uzi huo umekatika tangu kijijini.

Nifanye nini basi na historia hii, zaidi ya kuisimulia? Ninaona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama, bila kungoja mfadhili. La kwanza ni sampuli: mboga na nyanya za masoko makuu zichukuliwe kwa ratiba inayojulikana, zipimwe vimelea na masalia ya viuatilifu, na majibu yabandikwe sokoni kwa Kiswahili, yawe mazuri au mabaya. La pili ni tenga: kila tenga liwe na alama ya kijiji na ya kikundi cha wakulima, kama sangara alivyopewa alama ya mwalo wake. Mkulima msafi atafaidika kwanza, kwa kuwa leo nyanya yake inauzwa bei moja na ya yule anayepuliza usiku na kuvuna asubuhi. La tatu ni kurudisha kile kilichofanya kazi mwaka 1973, yaani vikundi vya kujadiliana, safari hii mada zikiwa muda wa kungoja, samadi iliyoiva na maji ya kuoshea mboga. Redio bado zipo, na simu zimeongezeka.

Wanaharakati watasema madai haya ni madogo. Ninawakumbusha kwamba maabara ya samaki nayo ilianza na dai dogo: mlaji mmoja, mbali na hapa, alikataa kula asichokijua. Tofauti ni kwamba sauti yake ilikuwa na ubalozi nyuma yake. Ya kwetu ina diwani, na diwani anaweza kuulizwa swali.

Mama yangu sasa ni mzee, na bustani imepungua hadi matuta manne. Hapigi dawa hata moja. Anasema hana tena nguvu ya kubeba bomba. Nikienda kumsalimu hunifungia nyanya kwenye mfuko, ndogo, zenye matundu ya funza. Ninazileta mjini na kuzila na familia yangu. Zikiisha ninakwenda sokoni kama watu wote, ninachagua zile nyekundu zinazong'aa, na ninaziosha kwa muda mrefu, nikijua kwamba maji hayaondoi kila kitu.